Rekodi za Plastiki Iliyorudi Kazini

Rekodi ya kwanza ni ya joto. Sehemu kubwa ya plastiki tunayoishika kila siku, kuanzia mfuko wa nailoni hadi beseni la kufulia, ilianzia kwenye matanuru ya viwanda vya kemikali za petroli. Humo gesi, au naftha, ambayo ni sehemu nyepesi ya mafuta ghafi, huchanganywa na mvuke na kupashwa moto hadi nyuzi 850 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo molekuli hupasuka na kutoa ethilini na propilini, gesi mbili zinazounganishwa baadaye kuwa plastiki. Matanuru hayo huwaka usiku na mchana, na yanachochewa na gesi na mafuta yaleyale yanayotoka ardhini. Hakuna hatua nyingine katika kutengeneza plastiki ya kawaida inayodai moto mkali namna hiyo.

Sasa ichukue plastiki iliyokwisha kutumika. Chupa ya maji, ambayo ni ya aina iitwayo PET, huyeyuka kwenye nyuzi 260 hivi. Dumu la njano la mafuta ya kula, ambalo ni polithini ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Kiwanda cha kurejeleza hakichimbi mafuta wala hakipasui molekuli. Kinaosha, kinasaga, kinayeyusha na kumimina upya. Tofauti hiyo ya kazi na ya joto ndiyo inayozaa tofauti ya gesi joto. Uchunguzi wa viwanda vya Marekani uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa PET iliyorejelezwa hutoa gesi joto pungufu kwa asilimia 67 kuliko PET mpya, na kwa polithini ngumu na polipropilini upungufu ulikuwa asilimia 71.

Kwa hiyo kila rekodi inayofuata hapa nimeipima kwa swali moja: imezuia kilo ngapi za plastiki mpya zisipikwe? Zipo rekodi zinazopendeza kwenye picha ambazo kwa swali hili hazina uzito mkubwa, na zipo nyingine ambazo hakuna aliyezipiga picha, nazo ndizo zinazobeba mzigo.

Mzigo mzito, sehemu ndogo

Mwaka 1950 dunia ilitengeneza tani milioni 2 za plastiki. Mwaka 2019 ilifika tani milioni 460. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilikadiria kwamba plastiki ya mwaka huo wa 2019, tangu mafuta yanapochimbwa hadi taka inapotupwa au kuchomwa, ilizalisha gesi joto sawa na tani bilioni 1.8 za hewa ukaa. Hiyo ni asilimia 3.4 ya gesi joto yote ya dunia. Na katika hizo, kama asilimia 90 zilitoka kwenye utengenezaji, kabla chupa haijafika dukani.

Takwimu hii inageuza mazoea yetu ya kufikiri. Tunapoona chupa imeziba mtaro wa Msimbazi, Dar es Salaam, au imekwama kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa, tunaona uchafu, na ni uchafu kweli. Lakini kwa upande wa tabianchi, sehemu kubwa ya madhara ya chupa ile ilishatoka kwenye bomba la moshi la kiwanda kilichoitengeneza. Kuiokota na kuizika dampo kunasafisha mtaro tu. Madhara hayo yanapungua pale tu chupa iliyookotwa inapochukua nafasi ya chupa nyingine ambayo ingetengenezwa kwa mafuta mapya.

Na ni plastiki kiasi gani inayopata nafasi hiyo? Kati ya taka zote za plastiki za mwaka 2019, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Wanasayansi watatu wanaofanya kazi Marekani, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walipopiga hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa na binadamu hadi mwaka 2015, walipata tani bilioni 8.3, na sehemu iliyorejelezwa katika taka zake nayo ilikuwa asilimia 9. Viwanda vinaongezeka, kampeni zinapita, na tarakimu bado ni ndogo kiasi hicho. Inauma kuiandika.

Nchi zinazorudisha chupa nyingi

Hapo ndipo Norwei, Ujerumani na Lithuania zinapostahili heshima. Norwei hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya chupa za plastiki za vinywaji zilizomo kwenye mpango wake wa dhamana, ambapo mnunuzi huacha pesa ya chupa na kurudishiwa anapoileta tupu. Ujerumani, ambako tangu mwaka 2003 mnunuzi huacha senti 25 za yuro kwa kila chupa ya kutumika mara moja, inahesabu karibu asilimia 98. Ila rekodi ninayoipenda zaidi ni ya Lithuania, kwa sababu ya kasi yake. Kabla ya mwaka 2016 nchi hiyo ilikuwa ikikusanya kama theluthi moja ya chupa zake za PET. Februari mwaka huo ikaanza dhamana ya senti 10. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 chupa zilizorudi zilikuwa asilimia 92.

Watu wa Lithuania hawakubadilika tabia kwa mahubiri ndani ya miezi 22. Kilichobadilika ni kwamba chupa tupu ilikuwa na pesa ndani yake, na duka lililoiuza lilikuwa na wajibu wa kuipokea. Norwei imeongeza ujanja wa pili upande wa mwenye kiwanda. Kuna kodi ya mazingira kwa kila chupa, lakini kadiri chupa zinavyorudi ndivyo kodi inavyopungua, na zikifika asilimia 95 kodi inafutika kabisa. Mwenye kiwanda anapoteza pesa kila chupa inapolala kwenye mtaro, kwa hiyo naye anaitafuta.

Jambo hili halina ugeni kwetu. Mtu yeyote aliyewahi kutumwa dukani kununua soda Tanga, Kisumu au Bujumbura anajua: ama unywe hapohapo, ama uje na chupa tupu, ama uache pesa ya chupa. Kreti za soda na bia zimezunguka Afrika Mashariki kwa vizazi kwa mtindo huo, na chupa ya kioo ilioshwa na kujazwa tena mara nyingi. Plastiki ilipokuja ilikuja bila dhamana, na hapo ndipo tulipopoteza utaratibu tuliokuwa tumeshauzoea. Chupa ya PET ni nyepesi, haivunjiki, na kuisafirisha kunatumia mafuta kidogo kuliko kioo. Hizo ni sifa za kweli, lakini zinakuwa na maana kwa tabianchi pale chupa inaporudi.

Wanaokusanya nyingi kuliko wote

Ukiuliza ni nani anayeshikilia rekodi ya dunia ya kukusanya plastiki kwa ajili ya kurejelezwa, wengi watataja kampuni. Jibu ni waokota taka. Uchunguzi wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa watu hawa, wasio na ajira rasmi, ndio waliokusanya kama asilimia 60 ya plastiki yote iliyorejelezwa duniani mwaka 2016, yaani tani milioni 27 hivi. Hakuna mtambo wa aina yoyote unaokaribia hapo.

Kazi yao inastahili kutazamwa kwa karibu, maana akiba ya hewa ukaa tunayoitaja kwa asilimia inatengenezwa pale, kwa vidole. Nenda yadi yoyote ya makopo pembezoni mwa Dar es Salaam au Mombasa asubuhi. Viroba vinashushwa kutoka kwenye mikokoteni na bodaboda, vinapimwa kwenye mizani ya kuning'inia, kisha vinamwagwa chini. Kinachofuata ni kuchagua. Chupa nyeupe zinazopitisha mwanga huenda upande wake kwa kuwa ndizo zenye bei, za kijani upande wake, za buluu upande wake. Mkono unafungua kifuniko na kukitupa kwenye ndoo, unakata pete iliyobaki shingoni, unachana lebo. Chupa yenye mafuta ya injini ndani yake inawekwa kando, kwa sababu moja hiyo itachafua maji ya kuoshea robota zima. Mchaguaji mzoefu haangalii namba iliyo chini ya chupa. Anaiminya kidogo, anasikia inavyolia, na mkono umeshaamua.

Kwa nini kifuniko kitolewe? Chupa ni PET, kifuniko ni polithini au polipropilini, na hizo hazichanganyiki na PET zikiyeyuka. Bahati nzuri maji yenyewe huzitenganisha. Zikishasagwa kuwa chengachenga na kutiwa kwenye tangi, PET huzama, maana ni nzito kuliko maji, na vifuniko huelea juu vikaenguliwa. Adui mkubwa ni PVC, inayotumika kwenye baadhi ya lebo na chupa. Nayo huzama, ikajificha ndani ya PET, na kwenye joto la kuyeyushia PET huungua na kutoa asidi. Vipande vichache tu huharibu rangi ya mzigo mkubwa na kuushusha daraja. Mzigo ulioshushwa daraja hauwezi tena kuwa chupa. Unakuwa kamba au nyuzi za kujazia mito, na mwenye kiwanda cha chupa analazimika kuagiza PET mpya. Kwa hiyo yule anayechana lebo juani ndiye anayeamua kama asilimia 67 zile zitapatikana au hazitapatikana. Malipo yake hayajawahi kulingana na uamuzi huo.

Rangi nayo ni uamuzi, na huu hufanyika mbali na yadi. Mwaka 2022 Sprite iliacha chupa yake ya kijani huko Amerika Kaskazini na kuhamia chupa isiyo na rangi, kwa sababu PET ya kijani ni vigumu kuifanya chupa mpya, ilhali nyeupe inakubali matumizi yoyote. Badiliko dogo hilo la ofisini liliongeza thamani ya chupa mikononi mwa kila aliyeiokota baada ya hapo.

Mitambo mikubwa

Huko Motala, Swideni, Novemba 2023 kilifunguliwa kituo kiitwacho Site Zero, kinachotajwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani kwa kuchambua plastiki za majumbani. Kinaweza kupokea tani 200,000 kwa mwaka na kuzigawa katika aina 12, kwa kutumia mwanga wa infraredi unaotambua kila plastiki jinsi inavyouakisi. Kampuni ya Indorama Ventures ya Thailand, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa PET iliyorejelezwa, ilitangaza mwaka 2023 kwamba imeshapitisha chupa bilioni 100 tangu 2011.

Maabara nazo zina rekodi zao. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyemkuta kwenye sampuli zilizochukuliwa karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa mjini Sakai. Bakteria huyo anakula PET, nao wakampa jina la mji huo, *Ideonella sakaiensis*. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa wakishirikiana na kampuni ya Carbios walionyesha kimeng'enya kilichoboreshwa, kinachovunja asilimia 90 ya PET ndani ya saa 10 kwenye nyuzi 72. Nyuzi 72 ni joto la maji ambayo hayajachemka. Uzuri wa njia hii ni kwamba inarudisha malighafi za mwanzo, hivyo hata nguo ya poliesta au trei ya rangi nyeusi inaweza kuwa chupa nyeupe.

Jahazi la kwanza

Septemba 15, 2018 pale Lamu lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, la kwanza duniani kujengwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kutembea kwa tanga. Lina urefu wa mita 9, limekula tani 10 za plastiki, na ubavu wake umevikwa vipande vya kandambili 30,000 zilizookotwa ufukweni. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda wa Lamu, na aliyeanzisha wazo ni Ben Morison. Mwanzoni mwa mwaka 2019 liling'oa nanga kwenda Zanzibar, safari ya kilomita 500, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Viktoria, likipita Kenya, Uganda na Tanzania.

Kinachonivutia ni ufundi. Hapakuwa na kitabu cha kuwaelekeza. Mkuku na mataruma yalimiminwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, kisha mafundi wakayachonga kwa zana zilezile wanazochongea mbao, wakipima kwa jicho na kamba kama walivyofunzwa na waliowatangulia. Plastiki haina nyuzi kama mti. Inapinda pale ambapo mti ungekaza, na jua likiwaka inatanuka. Kila tatizo walilitatua mikononi.

Je, kwa tabianchi? Tani 10 hazizidi mzigo wa lori moja, na jahazi halikuzuia chupa mpya hata moja kutengenezwa, maana jahazi la kawaida hujengwa kwa mbao. Siwezi kuliweka juu ya Lithuania kwenye orodha hii. Lakini mahali lilipotia nanga watu walishuka ufukweni kulitazama, wavuvi waliligonga kwa vifundo vya vidole kusikia linavyolia, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya Kiswahili, ya taka na ya bahari, baina ya watu wanaoziona taka hizo kila maji yanapokupwa. Mambo haya hayaingii kwenye hesabu ya tani, nami bado nayathamini sana.

Barabara, daraja na tofali

Rajagopalan Vasudevan, mwalimu wa kemia wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai, India, aligundua kwamba kokoto za moto zikinyunyiziwa vipande vya nailoni hufunikwa na utando mwembamba unaoshikana vizuri na lami. Mwaka 2002 barabara ya kwanza ya namna hiyo ikajengwa ndani ya chuo chake. Leo zimeenea India nzima, na mwaka 2018 serikali ilimpa nishani ya Padma Shri. Kilomita moja ya njia nyembamba hula kama tani moja ya plastiki na kuokoa sehemu ya lami. Uholanzi ilifungua njia ya kwanza ya baiskeli ya plastiki mjini Zwolle mwaka 2018, mita 30 zilizobeba plastiki ya vikombe zaidi ya 218,000. Uskoti ilikuwa imeshatangulia mwaka 2011 kwa daraja la mita 30 juu ya mto Tweed, lililojengwa kwa tani 50.

Nairobi nayo ina Nzambi Matee, mhandisi wa malighafi aliyeanzisha Gjenge Makers. Anachanganya plastiki na mchanga, anaukandamiza mchanganyiko ukiwa moto, na kupata matofali ya kutandaza uani na kwenye njia za waendao kwa miguu. Umoja wa Mataifa ulimtangaza mwaka 2020 kuwa mmoja wa Vijana Mabingwa wa Dunia wa mazingira.

Hapa inabidi tupige hesabu kwa haki. Tofali la plastiki halichukui nafasi ya plastiki mpya. Linachukua nafasi ya saruji. Lakini saruji nayo ni mzigo mkubwa, kwa kuwa mawe ya chokaa yanapochomwa hutoa hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe. Kwa hiyo akiba ipo. Tatizo ni kwamba safari ya plastiki ile inaishia hapo. Chupa nyeupe iliyosagwa ikawa tofali haiwezi kurudi kuwa chupa, na kiwanda cha vinywaji kitaagiza PET nyingine kutoka tanurini. Maoni yangu ni kwamba barabara na matofali yapewe zile plastiki zisizotakiwa na mtu, kama nailoni laini na mifuko ya chipsi yenye tabaka mbili tatu, na chupa tuiachie njia yake.

Na kabla ya kiwanda chochote, dumu. Dumu la njano la lita 20 lililokwisha mafuta ya kula huingia kazini siku hiyohiyo kuteka maji, na hukaa miaka. Likipasuka huzibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Likishindikana kabisa hukatwa likawa beseni la kulishia kuku au kopo la kuoteshea miche ya sukuma wiki. Sijaona chombo cha plastiki kinachofanya kazi muda mrefu kuliko hicho, na matumizi yake ya pili hayadai tanuru lolote.

Moto mbaya kuliko wote

Timu ya Chuo Kikuu cha Leeds ilichapisha mwaka 2024 makadirio ya plastiki inayoishia nje ya mfumo wowote wa taka: tani milioni 52 kwa mwaka. Kati ya hizo, kama tani milioni 30 huchomwa hadharani, kwenye viwanja, nyuma ya nyumba, kwenye madampo yasiyo na uzio.

Polithini ni kaboni kwa asilimia 86. Kila kilo ya kaboni ikiungua huvuta oksijeni na kuwa kilo 3.7 hivi za hewa ukaa. Kilo moja ya polithini ikiteketea yote huacha angani kilo 3 na ushei. Na hiyo ni juu ya ile iliyotoka wakati wa kuitengeneza. Kwa kuwa moto wa jalalani hauna hewa ya kutosha, plastiki haiungui yote, na masizi meusi yanayopanda yanafyonza joto la jua kwa nguvu kuliko hewa ukaa yenyewe, mbali ya kuwaumiza mapafu walio karibu. Tabia ya kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni tunaiona ndogo kwa sababu kipande ni kidogo, lakini jiko hilo lina mama na mtoto mgongoni umbali wa mkono mmoja. Hapa urejelezaji unaokoa mara mbili: plastiki haichomwi, na nyingine haitengenezwi.

Hata kuiacha juani si bure. Sarah-Jeanne Royer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha mwaka 2018 kuwa plastiki ikipigwa na jua hutoa methani na ethilini. Iliyoongoza kwa utoaji huo ni polithini laini, ile ya mifuko.

Sheria kali kuliko zote

Mfuko mwembamba ndio plastiki inayoshindikana kurejelezwa kwa faida. Ni mwepesi mno kiasi kwamba siku nzima ya kuokota haijazi mizani, na hujinyonga kwenye mashine. Kwa mfuko huo hesabu bora ya hewa ukaa ni kutoutengeneza, na katika hilo ukanda wetu umezitangulia nchi nyingi. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006. Rwanda ikafuata mwaka 2008. Kenya ilianza Agosti 28, 2017 kwa adhabu iliyotajwa kuwa kali kuliko zote duniani: faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka minne. Tanzania Bara ilifunga mlango Juni 1, 2019, na mfuko wa rambo ukatoweka sokoni ndani ya wiki chache.

Nairobi ndiko pia nchi 175 zilikokubaliana, Machi 2, 2022, kuandaa mkataba wa kwanza wa dunia wenye nguvu ya kisheria dhidi ya uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo yaliyofuata yamekwama pale nilipoanzia mimi, yaani tanurini. Nchi nyingi zinataka mkataba uweke kikomo kwa plastiki inayotengenezwa, na baadhi ya nchi zinazozalisha mafuta zinataka uishie kwenye taka. Kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kilivunjika bila makubaliano. Ikiwa asilimia 90 ya gesi joto iko kwenye utengenezaji, mkataba unaoishia kwenye taka utakuwa umegusa sehemu ndogo ya tatizo.

Bei ya chini kuliko zote

Aprili 20, 2020 pipa la mafuta ya Marekani liliuzwa kwa bei iliyo chini ya sifuri, zaidi ya dola 37 chini ya sifuri, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Dunia ilikuwa imejifungia kwa Korona na matangi yalikuwa yamejaa. Plastiki mpya hufuata bei ya mafuta, na mwaka ule ilishuka hadi PET iliyorejelezwa ikaonekana ghali kando yake. Wenye viwanda wakahamia kwenye mpya. Mfinyo ule ukateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa wanunuzi wa yadi, hadi kwenye mizani.

Soko la urejelezaji lilikuwa limeshapata pigo jingine Januari 1, 2018, China ilipozuia taka za plastiki kutoka nje. Tangu 1992 nchi hiyo ilikuwa imepokea kama asilimia 45 ya taka za plastiki zilizouzwa kati ya nchi na nchi. Ghafla mataifa tajiri yakagundua kwamba sehemu ya kile yalichokiita urejelezaji ilikuwa kupakia makontena tu.

Umoja wa Ulaya ulijibu kwa kuweka sheria: kuanzia 2025 chupa za PET za vinywaji ziwe na plastiki iliyorejelezwa isiyopungua asilimia 25, na chupa zote za plastiki za vinywaji zifike asilimia 30 mwaka 2030. Sheria ya aina hii ndiyo inayoondoa bei ya mafuta kwenye mlingano. Mwenye kiwanda hanunui chengachenga kwa kuwa ni rahisi. Ananunua kwa kuwa bila hiyo hauzi. Kenya ilipitisha mwaka 2022 Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Ni msingi mzuri. Juu yake ningependa nione mambo mawili kutoka Lamu hadi Kigali: kiwango cha lazima cha plastiki iliyorejelezwa ndani ya kila chupa mpya, na pesa ya chupa irudi dukani kama ilivyokuwa kwa soda ya kioo. Hapo anayeokota na kuchambua atakuwa na bei anayoweza kuitegemea mwezi hadi mwezi, hata pipa la mafuta lishuke vipi.